Sahihi ya Kafili Wako

Wakesho mwanangu,

Pasipoti yako haikupotea. Iko hapa mbele yangu. Nimeiegemeza kwenye stendi ya nota kama karatasi ya muziki, nami nimekaa kwenye kiti cha fidla ya pili nikiitazama. Okestra ya hapa ukumbini walimaliza mazoezi saa saba wakaenda zao. Sasa ni saa tisa alasiri na ndege yako ni kesho saa mbili asubuhi. Naandika nyuma ya ramani za jukwaa kwa sababu ndizo karatasi nilizo nazo, na naandika kwa sababu mdomo wangu ukifunguka utaanza kujitetea. Unaujua mdomo wangu.

Mambo ya soksi nzito, dawa za kifua na namna ya kupanga begi, mama yako ameyamaliza. Amekuandikia hata jinsi ya kusugua sufuria, kana kwamba huko hawana sabuni. Mimi sina la kuongeza hapo. Langu ni moja, na linaniuma, kwa hiyo nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia. Nivumilie.

Nianze na Babu. Mtu mwingine akiiokota barua hii atadhani namsema baba yangu. Wewe unajua ni yule mtunzi wa Austria wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ambaye jina lake nililitamka vibaya mbele ya Madamu Elena wa okestra, mwalimu wako wa fidla, mpaka ukajificha nyuma ya mlango kwa aibu. Madamu alikuambia kwamba wanamuziki wake walimwita Baba. Ukasema nyumbani Baba yuko mmoja tu, basi huyo awe Babu. Ulikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo tumeishi na huyo mzungu wa wigi pale kwetu mtaa wa Najma kama ndugu aliyekuja kutembea akakosa nauli ya kurudi.

Unakumbuka nilivyomjua? Nilikuwa nimeacha udereva, mgeni hapa ukumbini, kazi yangu kubeba viti na kupanga stendi. Siku moja nikaambiwa nifunge taa ndogo kwenye kila stendi, kila taa na swichi yake. Nikafunga, nikajaribu zote, zikawaka. Mazoezi yakaanza. Muziki ulianza kwa hasira, kama watu wanaogombana chumba cha pili, ukaenda hivyo kwa muda mrefu. Halafu karibu na mwisho ukapoa ghafla, na taa yangu moja ikazimika. Kisha nyingine. Kisha ya tatu.  Nikajua nyaya zangu ni mbovu na kazi imeota mbawa. Nikapanda jukwaani na bisibisi mkononi, nikitambaa kwa magoti katikati ya miguu ya watu, kwenda kutengeneza taa ambayo mwenyewe alikuwa ameizima kwa mkono wake.

Okestra nzima ilicheka mpaka mwongozaji akakaa chini. Madamu Elena ndiye aliyenishika bega akanieleza. Babu alikuwa mtumishi wa bwana mkubwa mmoja tajiri. Kila mwaka okestra nzima ilihamishiwa kwenye jumba la kiangazi, mbali na mji, na wake zao hawakuruhusiwa kufuatana nao. Mwaka mmoja tajiri akanogewa, akakataa kurudi mjini. Wanaume wakachoka. Wakamwendea Babu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao, wakamwambia, sema na huyu mtu. Babu hakusema. Alitunga muziki ambao karibu na mwisho kila mpigaji anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake, anachukua chombo chake na kuondoka. Mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili tu wenye fidla, wakipiga polepole, na tajiri amekaa mbele yao. Kesho yake akaamuru farasi wafungwe, watu warudi makwao.

Nilirudi nyuma ya pazia na bisibisi yangu nikalia kama mtoto. Madamu alidhani nalia kwa aibu. Sikumwambia.

Wewe nilikuambia. Nilikuambia mara nyingi mno, na sasa najiuliza ni nani aliyenituma. Ulikuwa hujatimiza mwaka nilipokuja Doha kuwa dereva wa nyumba. Pasipoti yangu ilichukuliwa siku ya kwanza na tajiri wangu, kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kukaa nchini, ikaingia kwenye kabati lake. Kila asubuhi nilisimama kwenye ua wa shamba lake kule Umm Salal, shati limepigwa pasi, kungoja aniambie leo tunakwenda wapi. Siku nyingine hatukwenda popote. Nilisimama tu. Niliposikia kwamba Babu naye aliandikiwa mkataba kwamba kila asubuhi asimame sebule ya nje, na sare yake na soksi nyeupe, kungoja kuulizwa kama leo bwana anataka muziki, nilimpenda kabla sijasikia kitu kingine alichotunga.

Kisha bibi yako akafariki kule Taita. Ulikuwa na miaka minne. Kutoka nchini lazima khuruj, karatasi ya ruhusa, na karatasi lazima kafili asaini. Nikamwendea. Alinishika mkono akaniombea mama rehema, akaamuru nipewe nyama ya kondoo. Mtu mbaya hakuwa, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. "Bukra, inshallah," akasema. Kesho. Kesho yake alikuwa na wageni. Kesho ya pili alisafiri. Siku ya nne ndugu yangu alipiga simu, akaishikilia simu juu ya kaburi nikasikia kwaya ya kanisa ikiimba na majembe yakikwaruza mawe. Mimi nilikuwa nimesimama uani, funguo za gari mkononi. Siku ya tano khuruj ikasainiwa. Nilimwambia asante. Hebu fikiri, Wakesho, nilimwambia asante.

Nikaapa kwamba mtu wangu yeyote hatangoja sahihi ya mtu ili aende anakotaka.

Sasa nimefika.

Barua ya kukubaliwa shule ya muziki ilipofika kutoka mji ule ule Babu alikoimba akiwa mtoto, mama yako alipiga kigelegele mpaka Wahindi wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza kama kuna arusi. Mimi nilicheka pia. Halafu usiku ule ule nikaanza kukuonyesha sababu. Nikachukua maisha ya Babu, ambayo nilikupa kama zawadi, nikayageuza fimbo. Nikasema: baba yake, fundi wa magurudumu kijijini, alimtoa nyumbani akiwa na miaka sita hivi, na huko alikopelekwa alikula viboko kuliko chakula. Nikasema: pale kanisani walimpenda sauti ilipokuwa nyororo, ilipovunjika wakamtoa nje kwenye baridi, hana pa kulala. Nikasema: aliishi kwenye dari linalovuja, akamsafishia viatu mwalimu wa uimbaji ili apate kufundishwa. Ndiyo mji huo unaotaka kwenda.

Na uliponisikiliza kwa heshima bila kuyumba, nikatoa la mwisho. Nikasema Babu mwenyewe alikiri kwamba kule shambani kwa tajiri, mbali na dunia, hakuna aliyemsumbua, ndipo akalazimika kuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo hata hapa Doha mtu anaweza kukua.

Ukaniangalia. Ukasema, "Baba, Babu alikaa huko kwa sababu alifungiwa. Si juu alipenda. Akapata tu kitu ya kufanya na hiyo jela."

Mama yako akakuambia, "Mwambie."

Nikakasirika. Nikasema huna adabu. Adabu ulikuwa nayo, ukweli ndio uliokuwa mwingi.

Ninakuambia nilichoogopa, maana sina tena cha kuficha. Sikuogopa baridi wala njaa. Nilimwogopa yule fundi wa magurudumu. Watu wote wanaosimulia habari za Babu humtaja kwa mstari mmoja: alimtoa mtoto. Kisha hadithi inakwenda na mtoto, na yeye anaachwa kijijini na magurudumu yake. Hakuna anayeuliza jioni ile alikula nini. Mtoto hakurudi kukaa nyumbani tena, Wakesho. Akawa wa dunia nzima, akatunga simfonia zaidi ya mia, na baba yake akawa mstari mmoja. Mimi nilikukosa miaka saba ya mwanzo kwa ajili ya karatasi ya mtu. Ulipokuja hapa ulinisalimia, "Shikamoo mzee," kama unamsalimu askari wa getini. Nilihangaika mwaka mzima nikuzoee na wewe unizoee. Nikaona hii kumi na moja tuliyokaa pamoja ni michache, nakudai mingine.

Basi mtu wa kurieri alikuja hapa ukumbini, siku kumi na moja zilizopita, kwa sababu anwani tuliyowapa ubalozini ni sanduku la posta la kazini. Akanipa bahasha. Nikasaini kupokea. Nikafungua nikaona viza imebandikwa, picha yako umekunja uso kama uliyenyimwa chai. Nilitaka kukupigia simu. Simu ilikuwa mkononi. Nikasema moyoni, nitamwambia jioni. Jioni nikasema, kesho. Unasikia neno hilo? Bukra. Nilimpata wapi yule mzee wa Umm Salal akaingia ndani yangu, sijui, lakini aliingia na viatu vyake.

Nikaificha kwenye sanduku la taa za stendi.

Ulipoanza kutafuta nilikusaidia kutafuta. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kukuangalia. Niliinua godoro. Nilivuta friji. Nilimlaumu mtu wa kurieri, nikasema siku hizi watu hawana uaminifu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, nami niliulilia mkuki huo miaka kumi na minne, halafu nikaunoa. Ukaenda chumbani kupiga simu ubalozini, ukatoka, ukasema tu, "Wamesema ilitumwa." Ukaacha kutafuta. Nami, mjinga, nikafurahi kwamba umeanza kukata tamaa. Sikujiuliza kama walikutajia pia jina la aliyesaini.

Jana jioni sasa. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, tumemaliza kula. Ulichukua fidla ukasimama karibu na dirisha la upande wa duka la viatu. Ukaanza kupiga, na baada ya mistari miwili nikaujua ule mwisho wa polepole, ule wa watu wanaoondoka. Nikasema, "Piga kitu cha furaha bwana."  Mama yako akainuka, akakusanya sahani, akaenda jikoni. Nikasikia maji. Kisha taa ya jikoni ikazimika. Akapita nyuma yangu, akaingia chumbani, na mwanga uliokuwa chini ya mlango ukazimika. Wewe ukaendelea kupiga, peke yako, sauti inazidi kuwa ndogo. Ukamaliza. Ukanitazama, si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Ukanyoosha mkono ukazima taa ya sebuleni, ukaenda kulala.

Nilibaki kwenye kiti na mngurumo wa kiyoyozi. Miaka yote nimesimulia hadithi ile nikijiona mmoja wa wapigaji, yule mwenye mke mbali. Haijawahi kunipitia kichwani kwamba siku moja nitawekwa kwenye kiti kile cha mbele.

Hata hapo sikuinuka. Nataka ujue hivyo, usinisifu baadaye kwamba muziki ulinibadilisha pale pale. Tajiri wa Babu alielewa mara moja, akafunga farasi kesho yake. Mimi nilikaa gizani nikitafuta njia ya kukurudishia pasipoti bila kukiri. Nilifikiria kusema imepatikana kwenye takataka za ofisi. Nilipanga hata sura nitakayoiweka.

Leo asubuhi mama yako alikuwa mlangoni na sare yake ya unesi, anakwenda zamu kliniki kule Al Sadd. Akavaa viatu taratibu. Akasema, "Kesho nimeomba off. Tunaenda airport na mtoto. Begi zimefungwa."

Nikasema, "Na pasipoti?"

Akafunga kamba ya kiatu cha pili. "Baba Wakesho, mimi nimekuambia yenye tunabeba. Wewe unakuja na nini?"

Nilifika hapa okestra tayari wako jukwaani. Nilingoja mazoezi yaishe, nikingoja kama nilivyozoea, maana kungoja ndiyo kazi niliyosomea. Kisha nikafungua sanduku. Pasipoti ilikuwa pale pale chini ya nyaya. Nikaifungua kuangalia viza mara nyingine, ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara mbili. Mwandiko wako. Umeinakili ile fomu niliyokuonyesha utotoni, hata mistari umeichora kwa rula.

Ombi la khuruj.
Anayeomba: Wakesho.
Anakokwenda: kwa Babu.
Sababu: kusoma.
Atarudi? Ndiyo, akiachwa aende.
Sahihi ya kafili:

Na tarehe ni ya siku tisa zilizopita.

Nimekaa na tarehe hiyo tangu saa saba. Siku tisa. Ulipokuja kwa somo la Madamu ukaenda moja kwa moja kwenye sanduku la taa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinisaidia kuzijaribu ulipokuwa mdogo. Uliishika pasipoti mkononi. Ungeweza kuiweka ndani ya boksi la fidla ukaenda zako, na mimi ningeshindwa kusema neno, ningesemaje kwamba nimeibiwa nilichoiba? Uliirudisha chini ya nyaya. Ulirudi nyumbani ukala na mimi siku tisa, ukaniamkia, ukanipitishia chumvi, ukijua. Wewe huhitaji khuruj, hiyo ni ya sisi wafanyakazi. Lakini kwenye kadi yako ya ukaazi, mahali pa kafili, limeandikwa jina langu, na uliona ni lazima mwenye jina aitoe pasipoti kwa mkono wake. Sijui kama ulikuwa unanipa nafasi au unanipa adhabu. Nikiwa wewe ningeniadhibu. Nina aibu, Wakesho. Nimeandika neno hilo mara moja na nitaliacha hapo.

Hivi nilikuwa nimedhani barua hii ingekuwa ya mawaidha. Ninayo mawili tu, tena nimeyapata wiki hii, bado yana joto. La kwanza: mtu akisema anakupenda sana, tazama pasipoti yako iko wapi. La pili ni gumu zaidi: siku utakapompenda mtu, tazama droo zako mwenyewe. Nilidhani watu wanaowafungia wengine wana sura yao. Wana sura ya baba anayeinua godoro kukusaidia kutafuta.

Na kuhusu Babu, nisamehe kwa kumtumia vibaya. Nilikuficha nusu ya maisha yake. Sikukuambia vizuri kwamba tajiri wake alipofariki, Babu akiwa na karibu miaka sitini, marafiki walimsihi asisafiri, umri umekwenda, lugha hajui, akapanda meli akavuka kwenda Uingereza hata hivyo, na huko akatunga kama kijana. Na kwamba uzeeni ndipo alipotunga ile kazi kubwa ya kuumbwa kwa dunia, ile ambayo kwaya inanong'ona gizani na ghafla nuru inatokea, ukumbi mzima unaruka. Unakumbuka ulivyoipiga nyumbani kwa mfuniko wa sufuria mpaka nikamwaga chai? Mtu aliyezimisha mishumaa ndiye aliyewasha ile.

Kuna jambo moja Madamu alinisimulia ambalo sikuwahi kukupa, kwa choyo. Wanasema Babu alipokuwa mtu mkubwa, anajulikana kote, alirudi siku moja kijijini kwa yule fundi wa magurudumu. Wazazi wamekwisha kufa. Akapiga magoti mlangoni akabusu kizingiti. Nilikaa na hadithi hiyo miaka, nikiionea wivu na kuisikitikia pamoja. Sisi kizingiti chetu cha Najma ni cha kupanga. Ukirudi huenda kitakuwa cha mtu mwingine, na duka la viatu limevunjwa wamejenga ghorofa. Usije ukahangaika kutafuta cha kubusu. Nitafute mimi, popote watakapokuwa wamenihamishia, na kama bado una hasira, njoo nayo, nitakaa niisikilize.

Nakuja nyumbani sasa. Nitakupa bahasha hii mkononi, mbele ya mama yako, na sitasema imepatikana kwenye takataka. Kesho nitaendesha mimi. Ndani utakuta pasipoti, na fomu yako. Nimesaini kwa kalamu ya kuandikia namba za viti, ndiyo maana wino umevuja upande wa pili. Lakini kabla ya kusaini nimekata mstari mmoja. Pale ulipoandika "Atarudi?" nimekata swali pamoja na jibu. Hilo kafili haulizi.

Baba yako